Mashine Iliyofutwa Namba

Habari yenyewe ilikuwa hivi: kwamba pale forodha ya uwanja wa ndege, kitu kikiwa ndani ya boksi lake utatozwa ushuru mpaka ujute kuzaliwa, lakini kikiwa uchi, hakina karatasi, kimechakaachakaa, kinapita kama shati ulilolivaa mwilini.

Aliyeileta ni mshonaji wa meza ya pili, ambaye chumba kizima cha cherehani kilimwita Redio kwa sababu hakuna aliyejua anazimwa wapi.

"Mdogo wake shemeji yangu," alisema Redio, pini tatu zikiwa mdomoni, "kaja na televisheni kwenye boksi. Wamemkaba mpaka kaiacha palepale. Mwenzake kaja nayo kwenye shuka, kaipaka masizi kidogo. Kaambiwa pita mzee, pole na safari."

"Masizi, Redio?"

"Masizi. Unadhani natia chumvi?"

"Wewe chumvi hutii, unamwaga gunia zima," alisema mkata vitambaa, na watu wakacheka mpaka cherehani zikasimama.

Mama Kidole naye alicheka. Lakini wenzake walipomaliza kucheka wakarudi kwenye kola na vishikizo, yeye ile habari ilibaki naye. Akishona, ipo. Akiosha vyombo, ipo. Ilimganda kama uzi kwenye sketi, unautoa hapa unaukuta pale. Na haikuwa bure. Wiki ile mdogo wake wa kiume alikuwa anarudi likizo kutoka nchi ya mbali, na kwenye begi lake kulikuwa na kitu kimoja ambacho mama huyu alikuwa akikiombea kuliko alivyojiombea mwenyewe.

Binti yake, mtoto wa pekee, alipofuka akiwa na miaka tisa, baada ya homa iliyodumu majuma mawili. Alifundishwa kusoma nukta nundu, zile za kupapasa kwenye karatasi nene, na akazisoma kwa kasi hata watoto wa jirani wakamwita Kidole. Walimwita kwa kumcheka, yeye akalipenda, jina likakaa, na mama yake akawa Mama Kidole. Kidole alifaulu sekondari. Akapata nafasi chuo cha ualimu. Barua ya chuo ilikuwa na sharti moja: vitabu vyao vya nukta nundu ni vya kompyuta tu, kwa hiyo mwanafunzi asiyeona aje na mashine yake ya kusomea, aioneshe kwa msajili Jumatatu ya kufungua. Asiyekuwa nayo, nafasi anapewa anayefuata.

Mashine hiyo haina kioo. Ina vitufe vichache vya kuandikia, na chini yake mstari wa visindano vidogo vinavyopanda na kushuka, maneno yakawa yanapita chini ya vidole. Kidole aliwahi kuigusa moja shuleni, wageni walipokuja nayo. Alirudi nyumbani siku ile hakula, alizungumza tu. Madukani kwao haikuwepo. Mjomba wake ndiye aliyeipata huko aliko, anakosafisha maofisi, na akainunua bila kuombwa mara mbili.

Mjomba huyo watoto walimwita Mjomba Koti, kwa kuwa likizo ya kwanza alishuka kwenye jua kali na koti la baridi na akakataa kulivua mpaka mtaa wote ulione. Mama Kidole ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Alimwosha masikio, alimpeleka shule, na mpaka leo akisema neno, Koti hubisha kidogo kisha hutii.

Jumanne jioni alimpigia simu. Kidole alikuwa amekaa pembeni yake kitandani, anakunja sare zilizokwisha kushonwa.

"Boksi litupe," Mama Kidole alimwambia.

"Dada, boksi lenyewe lina sponji ya kuilinda isigongwe."

"Ifunge kwenye taulo. Na karatasi zote tupa. Risiti usibaki nayo, wakiikuta watajua ni mpya."

"Na chaja? Iko kwenye nailoni yake, inang'aa kama jino la dhahabu."

"Iache hukohuko. Chaja huku zimejaa kila kona."

"Dada, kwani hii ni mali ya wizi? Nimeinunua dukani kwa jasho langu."

"Nisikilize. Wewe uko huko, mimi ndiye niko huku. Nyuma kuna kibandiko?"

"Kipo. Kina namba."

"Kibandue. Kama namba imechorwa mpaka kwenye mwili wake, tafuta msasa."

"Msasa! Niisugue mashine kama sufuria?"

"Sugua. Wakikuuliza, sema ni kibodi yako ya zamani ya kompyuta. Usiongeze neno, maana wewe ukianza kujieleza unajichongea."

"Haki ya Mungu, dada, wewe ungekosa cherehani ungekuwa jambazi."

"Sugua, Koti."

Akasugua.

Alhamisi mchana walimngoja kwenye geti la wanaofika, mama na binti. Abiria walitoka na vigari vyao, wakakumbatiwa, wakaondoka. Baadaye wakatoka wafanyakazi wa ndege. Baadaye wafagizi. Koti alitoka wa mwisho, koti liko begani, begi liko mkononi, uso umemshuka.

"Mjomba!" Kidole aliijua hatua yake, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Koti aliitazama ile mikono. Kisha akamtazama dada yake.

"Wameishika," alisema.

Ilikuwa hivi. Begi lilipopita kwenye mashine ya kuangalia mizigo, kijana aliyekuwa kwenye kioo aliona kitu chenye safu ya visindano na nyaya nyembamba, hakina kioo, hakina jina, mgongo umekwanguliwa. Akaita wenzake. Wakamuuliza Koti hiki nini. Akasema kibodi yangu ya zamani. Wakamuuliza herufi ziko wapi. Akatoa macho. Wakamuuliza mbona imesuguliwa. Akasema ni uzee. Wakaleta fomu, wakaandika "kibodi ya zamani", wakamwambia atie sahihi, na yeye kwa kutaka kutoka akatia.

"Tutakwenda kesho kueleza ukweli," Mama Kidole alisema. "Ni watu, si mawe."

Na kweli walikuwa watu. Ijumaa asubuhi walipokewa na afisa wa forodha, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Aliwapa viti. Alimsogezea Kidole kiti kwa mkono wake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza mtu, kisha akaisoma barua ya chuo mara mbili.

"Mama," alisema, "vifaa vya wasioona hapa havitozwi chochote. Mngekuja na barua hii na risiti, mngetoka nayo jana ileile. Ndani ya boksi lake."

Mama Kidole alisikia maneno hayo vizuri, kisha akayasikia tena.

"Haitozwi?"

"Haitozwi. Risiti iko wapi?"

Koti alitazama sakafu. "Niliitupa."

"Boksi?"

"Nilitupa."

"Pigia duka, watume nakala."

Koti alipiga palepale, simu ikiwa wazi mezani. Akaongea lugha ya huko. Mtu wa dukani alikuwa mpole, akasema kumbukumbu zote zipo, wanazitafuta kwa namba ya mashine tu, basi amtajie namba. Koti alikata simu bila kuaga.

Afisa alinyanyuka, akarudi na mfuko wa plastiki wenye lakiri. Akaukata, akaitoa mashine, akaiweka mbele ya Kidole. "Haya binti. Nioneshe inavyofanya kazi. Ikisema neno moja tu mbele yangu, nitaandika nilichoona, nimpelekee mkubwa wangu."

Kidole aliifikia taratibu. Alipitisha mkono juu yake, akapata vitufe, akapata ule mstari, na vidole vyake vikatulia pale. Akabonyeza hapa na pale. Chumba chote kilikuwa kikiangalia vidole vile, hata karani wa meza ya jirani aliacha kugonga mihuri. Visindano vililala vyote chini. Havikunyanyuka hata kimoja.

"Imeisha chaji," Kidole alisema kwa sauti ndogo.

Afisa alifungua droo yake, akatoa chaja alizokuwa nazo. Karani akaleta yake. Mlinzi wa mlangoni akaja na mbili. Walizijaribu moja moja kama watu wanaotafuta ufunguo wa nyumba inayoungua, na hakuna iliyoingia. Tundu lilikuwa la namna yake, na chaja yake ilikuwa kwenye pipa la taka, ng'ambo, ndani ya nailoni.

"Waiteni mafundi waifungue," Mama Kidole alisema. "Wataona. Naapa kwa chochote unachotaka niape."

"Mama, kitu kisichojulikana nikikifungua, nimekivunja. Na huyu bwana," akageuza fomu, "amesema kibodi. Amesaini. Leo mnasema si kibodi. Mkubwa wangu ataniuliza, walidanganya jana au wanadanganya leo?"

"Jana. Ni mimi niliyemwambia adanganye."

Koti aliinua kichwa. "Dada, acha."

"Ni mimi. Yeye alikataa, nikamlazimisha. Nifungeni mimi, mtoto apewe mashine yake."

Afisa alivua miwani. "Mimi nakuamini," alisema. "Lakini kwenye hii fomu hakuna mahali pa kuandika kwamba nimekuamini."

Kidole hakutaka kuiachia. Hakugoma, hakulia, mikono tu ilibaki juu ya mashine, na afisa hakuivuta. Alingoja. Mwishowe Kidole alitoa kidole kimoja kimoja, akaviweka mapajani, na ile mashine ikarudishwa kwenye mfuko mwingine na kutiwa lakiri nyingine.

Nje kulikuwa na benchi la saruji. Walikaa hapo watatu, jua likiwachoma, na hakuna aliyesema twende. Mama Kidole ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nilikuwepo ukimwambia," Kidole alisema.

"Najua."

"Ulipofika kwenye chaja nilitaka kusema, mama, hiyo haina mwenzake. Kwenye ile ya shuleni niliipapasa, niliijua. Ukaongea kwa uhakika sana. Nikadhani umeuliza mtu anayejua."

Mama Kidole angesema nini? Kwamba alimuuliza Redio? Hata kumuuliza hakumuuliza. Alisikia tu, akacheka, akabeba.

Jumamosi alizunguka kwa mafundi wa simu, kibanda kwa kibanda, akielezea tundu la duara lenye kijiti katikati, wakimtazama kama mtu aliyepotelewa na akili. Jumapili Koti alituma ujumbe kwa mwenzake wa huko anunue chaja nyingine. Dukani wakasema chaja haiuzwi peke yake ila ukitaja namba ya mashine. Sasa hata Koti hakucheka.

Jumatatu walikwenda chuoni mikono mitupu. Msajili, mzee mmoja mwenye sweta, alisoma barua, akamsifu Kidole kwa alama zake, akauliza mashine. Koti akaeleza yote, kwa kirefu, na safari hii hakuna aliyemkataza kujieleza. Msajili alisema atamsubiri mpaka saa kumi. Saa kumi ilifika wakiwa wamekaa kwenye korido ileile. Wakamwona kijana akiongozwa na baba yake, fimbo nyeupe mkononi, boksi jipya kwapani, limebandikwa vibandiko kila upande. Kidole alisikia ile fimbo ikigonga sakafu, ikiingia ofisini. Akasimama mwenyewe.

"Twendeni," alisema. "Ameshafika."

Koti alimaliza likizo yake akarudi kazini. Mama Kidole aliandika barua forodha, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiandikiwa na mkata vitambaa mwenye mwandiko mzuri. Ya tatu ilijibiwa. Vitu visivyothibitishwa mwenyewe wala aina yake huteketezwa baada ya siku tisini, na siku zilikuwa zimekwisha. Aliisoma akiwa kwenye cherehani. Alimaliza kushona mfuko aliokuwa anaushona, akakuta ameuziba juu.

Chuo kinachukua mwanafunzi mmoja asiyeona kila baada ya miaka miwili. Kidole sasa anakunja sare. Karatasi zake nene za nukta nundu amezifunga kwa kamba, na mama yake akimuuliza mbona husomi, humjibu kwamba zote anazijua kwa moyo. Anamjibu kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo inayomuua mama yake.

Basi wewe unayeletewa kitu na ndugu aliye ng'ambo, haya uyaepuke:

Usitupe boksi.

Usitupe risiti. Piga picha, mtumie na mtu mwingine.

Usiache chaja, hata ukiambiwa zimejaa.

Usibandue kibandiko, usifute namba, si kwa msasa si kwa ukucha.

Usiite kitu jina lisilo lake.

Usitie sahihi kwa kutaka kutoka haraka.

Usiiulize forodha ukiwa umeshafika na mzigo. Nenda kabla, kuuliza ni bure.

Habari ya kwenye cherehani iache kwenye cherehani.