Uzi Mguuni mwa Korongo

Ndung'u alimvunja mguu korongo nyumbani kwa rafiki yake, na mguu wa korongo haufungwi ukapona.

Alikuwa mpiga picha mjini Kericho, mwenye chumba kidogo nyuma ya duka la nguo na kamera ya zamani iliyotaka mtu akae kimya kama jiwe. Ilibidi aombe kibali ndipo afike Kapsoit kwa baiskeli, maana miaka ile ya hali ya hatari ya wakoloni, Mkikuyu kama yeye hakutembea ovyo. Lakini rafiki yake Kipkoech ndiye aliyemwita, na Kipkoech hakukataliwa.

Nyuma ya nyumba ya Kipkoech, korongo wenye taji walishuka kila asubuhi kuokota wimbi. Walipita katikati ya watu kama kuku. Ukoo wake huwahesabu kuwa ndugu, na hakuna aliyewahi kuwatupia hata kijiti. Mama yake, Chepkirui, ndiye aliyewazoesha. Sasa alikuwa amelazwa hospitali, mapafu yamechoka, na kila akitembelewa aliwaulizia ndege wake kwanza.

"Nipigie picha yao nimpelekee," Kipkoech alisema. "Na usiiharibu kama ile ya harusi yangu. Nilitoka na vichwa viwili."

"Ulitikisika, bwana. Bwana harusi gani anacheza kama ameingiwa na siafu?"

"Basi waambie na hawa wasitikisike." Akacheka, akaenda kukamua.

Ndege hawakuambilika. Waliinama, wakaruka, wakacheza wawili wawili, na Ndung'u akajua kila picha aliyopiga itakuwa moshi mtupu. Ikabaki moja tu kwenye kamera. Pale studio aliwahi kumfunga mtoto msumbufu kitini kwa leso, chini ya nguo, na picha ilitoka safi, wazazi wakamshukuru. Akatoa uzi wa kushonea viatu, akatega kitanzi, akamwaga wimbi katikati.

Korongo mmoja akaingia. Ndung'u akavuta uzi, akaufunga kwenye kigingi cha ndama. Ndege akasimama wima, akamtazama. Ndung'u akapiga picha.

Kisha ndege akaruka juu kwa nguvu zake zote. Mguu ukalia kama kuni kavu. Wengine wakapaa wakipiga kelele hadi ng'ambo ya mto.

Kipkoech alikuja mbio, maziwa yakimwagika. Akauona uzi.

"Umemfunga?"

"Kidogo tu. Nilitaka atulie, ndugu yangu. Kwa ajili ya mama."

"Wewe unafunga mtu wa kwetu kwa kamba, nyumbani kwangu?" Alikata uzi, akamfunika ndege kwa koti lake. "Angekuwa mwingine ningempiga. Nenda, Ndung'u."

"Hii imetoka nzuri, mama akiiona..."

"Akiniuliza alisimamaje hivyo, nimjibu nini?"

Ndung'u aliisafisha hata hivyo. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Aliipeleka Kapsoit, na mke wa Kipkoech akaipokea mlangoni, akaitazama, akamrudishia.

Korongo yule alikufa. Wenzake hawakushuka tena kwenye ua ule. Mama Chepkirui alifariki kabla ya mvua, bila kuonyeshwa picha yoyote. Habari za mazishi Ndung'u alizisikia kwa muuza maziwa, siku yenyewe ikiwa imepita. Na Kipkoech, walipokutana mjini, alivuka barabara.