Glory Alipelekwa Gitting

Barua ya onyo ilikuwa na mistari minne tu. Juu yake neno Arusha lilikuwa limekatwa kwa wino na pembeni kuandikwa Manyara, maana shule ilikuwa bado inamalizia karatasi za zamani, za kabla mkoa haujagawanywa. Mwalimu Herman, mwalimu mkuu, aliikabidhi bila kuinua macho. Ilisema kwamba Mwalimu Kornelia alikutwa amesinzia mbele ya darasa la kwanza wakati wa kipindi cha hesabu, na kwamba jambo hilo lisijirudie.

Kornelia aliikunja akaitia kwenye mkoba. Darasa lake lilikuwa na watoto mia na kumi na wawili, watatu watatu kwenye dawati na wengine sakafuni, na siku ile alikuwa ameamka mara tano usiku kumnyonyesha Glory. Mstari wa tano, wa kusema hayo, haukuwepo.

Glory alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Mchana alikuwa mtoto wa watu wote pale kijijini Tlawi: anakula viazi, anakula ugali wa kulowekwa kwenye maziwa, anacheka na kuku. Usiku alikuwa wa mama yake peke yake. Saa nne anataka ziwa, saa sita anataka, saa nane, saa tisa, saa kumi na moja. Baridi ya Mbulu inaingia chini ya mlango, Kornelia ameketi na blanketi mabegani, kichwa kinaanguka na kuinuka. Tadei, mumewe, alikuwa amehamia chumba cha pili tangu mtoto ana miezi mitatu. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu saumu, anavinunua kwa wakulima na kuvipeleka minadani, na alisema mtu wa safari hawezi kulala kwenye kelele.

Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu ziwa la Kornelia. Mama mkwe wake, Efrazia, ambaye ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto wakati wa shule, alisema apake shubiri, mtoto akionja uchungu ataacha mwenyewe. Jirani alisema apake pilipili. Efrazia akarudi tena na dawa aliyoiamini kuliko zote: mtoto apelekwe Gitting, kule Hanang, kwa Agatha, dada yake Tadei, akae wiki mbili bila kumwona mama yake.

"Wanangu sita wote waliacha hivyo," alisema. "Nani alikufa?"

"Mama, mimi sitaki aache kunyonya," Kornelia alijibu. "Hajafika miaka miwili. Nataka apunguze usiku tu, nilale."

"Usiku na mchana ni ziwa lile lile."

Kornelia alikwenda zahanati. Muuguzi Tekla, mama wa makamo aliyelea wanne wa kwake, alimwambia aende polepole. Jioni mtoto ashibe uji mzito na anyonye vizuri kabla ya kulala. Kisha achague kuamka kumoja, siyo kote, na kila usiku apunguze dakika za kumnyonyesha hapo, mpaka zibaki mbili, halafu ampe maji kwenye kikombe na kumpapasa mgongo. Kukishaisha huko, ahamie kwingine.

"Na kama yupo mtu mwingine nyumbani," Tekla alisema, "yeye ndiye ambebe. Akikuona wewe anaona maziwa."

Jioni ile Kornelia alimwambia Tadei kwamba mtu mwingine ni yeye. Tadei alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mimi nina maziwa?"

"Huna. Ndiyo maana nakutaka. Hana cha kutafuta kwako."

"Mama Glory, mwanaume gani hapa Tlawi unamwona anabembeleza mtoto saa nane za usiku?"

"Sijaenda kuwachungulia," alisema Kornelia.

Akaanza peke yake. Alitega saa ya mezani, akahesabu dakika gizani, akavumilia makelele ya saa sita kwa siku nne mpaka yakawa manung'uniko. Wiki mbili zilipokwisha, mara tano zilikuwa zimekuwa tatu. Alilala saa tatu mfululizo kwa mara ya kwanza tangu kujifungua, akaamka na kujishangaa.

Ilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata alipotoka shule akakuta nyumba kimya. Efrazia alikuwa amekaa mlangoni anachagua maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umerudi mapema."

"Glory amelala?"

Efrazia alitupa punje mbovu upande. "Amekwenda Gitting. Baba yake amempeleka asubuhi, ulipotoka tu. Wiki mbili, siyo mwaka."

Kornelia alibaki amesimama na mkoba begani. Alielewa kila neno, lakini maneno hayakuingia kwa pamoja. Alipitia chumbani, akaona kikapu cha nguo za mtoto hakipo, akarudi.

"Nani aliniuliza?"

"Tukuulize nini? Umeandikiwa barua kazini kwa ajili ya mtoto. Tumekusaidia."

"Mama, nilikuwa nimefika mara tatu. Mara tatu! Mlisubiri nitoke nyumbani ndipo mkambeba kama mbuzi wa mnada!"

"Usinipandishie sauti, Kornelia. Mimi ni mkubwa wako."

"Najua wewe ni mkubwa wangu," alisema, na sauti haikushuka. "Na yule ni mwanangu."

Usiku ule, ambao wote waliuona ni zawadi kwake, hakupata lepe la usingizi. Maziwa yalijaa mpaka matiti yakawa magumu kama mawe, kulala ubavu hakuwezekani. Saa sita mwili uliamka wenyewe. Saa nane ukaamka tena. Alijikamua kwenye bakuli na kuyamwaga nje, na kila alipomwaga hasira ilipanda upya, kwa Tadei, kwa mama yake, kwa barua ile ya mistari minne ambayo sasa ilikuwa imepewa kazi ya kumnyang'anya mtoto.

Alfajiri aliandika barua yake mwenyewe, ya mistari miwili: amekwenda Gitting kumchukua mtoto wake, atarudi Jumatatu. Akaipitisha chini ya mlango wa ofisi ya Mwalimu Herman, akaondoka.

Kutoka Mbulu mpaka Babati basi lilichukua asubuhi nzima. Kiti cha mbele kulikuwa na mtoto mchanga, na kila alipolia maziwa ya Kornelia yalitoka yenyewe, yakalowanisha blauzi mpaka kwenye kanga. Alivaa sweta juu yake ingawa kule chini joto lilishaanza. Stendi ya Babati aliingia chooni, akajikamua ukutani akiwa amesimama, watu wakigonga mlango. Maziwa yalikwenda kwenye shimo. Mwanaye, kwa saa ile ile, alikuwa kilomita themanini na kitu kutoka pale akiyalilia. Kornelia alilia hapo kwa dakika moja, kwa hasira siyo kwa huzuni, akanawa uso, akatafuta gari la Katesh.

Alishuka njia panda na kupandisha kwa miguu kuelekea Gitting, mlima Hanang umefunikwa wingu mbele yake. Saa kumi ilikuwa imepita alipofika kwa Agatha. Kabla hajabisha alisikia mtoto analia, kwa sauti iliyokauka, kama ya mzee mwenye kikohozi. Hakuitambua kwanza.

Agatha alitoka na Glory begani. Macho ya wifi yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Wifi! Karibu. Mbona umekuja?"

"Shikamoo, wifi. Nipe mtoto wangu."

Glory alimtazama mama yake, akageuza uso upande wa pili. Hilo ndilo lililomuumiza Kornelia kuliko yote. Alikaa chini pale pale kizingitini, akamwita jina taratibu, mara nyingi, mpaka mtoto akageuka, akamkamata kwa mikono miwili na kunyonya huku anasukumwa na kwikwi.

"Hajala tangu jana," Agatha alisema. "Hata uji alitema. Nimezunguka naye usiku kucha humu ndani. Wewe nawe, wifi, umekubali vipi kumwachisha ghafla hivi?"

Kornelia aliinua kichwa. "Nani alisema nimekubali?"

"Tadei. Alisema mmekubaliana, na wewe ndiye umempakia nguo."

Agatha alimtazama, akaelewa. Akashika kiuno. "Huyu mdogo wangu," alisema polepole, "amenidanganya nyumbani kwangu."

"Na yeye usiku alikuwa wapi?"

"Chumba cha wageni. Alisema amechoka na safari."

Tadei alirudi jioni kutoka Katesh na gunia tupu begani, akamkuta mke wake ameketi jikoni na mtoto. Alisimama. Alianza kusema kwamba alikuwa anamwonea huruma, kwamba mama yake ndiye alisisitiza, kwamba barua ile ilimtia wasiwasi.

"Barua ilikuja kwangu," Kornelia alimkatiza. "Ungekuwa na wasiwasi ungeamka usiku mmoja. Mmoja tu, Baba Glory, kwa miezi kumi na minne! Ukaona afadhali safari ya siku nzima na uongo juu yake."

"Siyo uongo, ni…"

"Ni nini?" aliuliza Agatha, akiwa mlangoni.

Tadei alishusha gunia sakafuni.

"Mimi sikatai apunguze usiku," Kornelia alisema. "Nitamnyonyesha saa tatu, ashibe. Kisha nalala chumbani kwa wifi, na mlango nafunga. Wewe unalala na mwanao. Kikombe cha maji hiki hapa. Saa kumi na moja mlete anyonye. Kabla ya hapo usiniite labda awe anaumwa."

"Na akilia?"

"Atalia. Si mlijua atalia mlipomleta?"

Agatha ndiye aliyechukua mto wa Tadei kutoka chumba cha wageni na kuuweka kwenye kitanda alichotandikiwa mtoto. Alikuwa dada mkubwa, na Tadei hakubishana.

Kornelia alisikia kila kitu kupitia ukutani. Alisikia saa sita kilio kinaanza, alisikia miguu ya mumewe ikienda na kurudi, kikombe kikianguka, na baadaye wimbo wa kanisani ukiimbwa kwa sauti ya chini na maneno yaliyokosewa. Mikono yake ilitaka kufungua mlango, lakini hii haikuwa kama jana: mtoto alikuwa ameshiba, yuko kifuani kwa baba yake, na mama yuko ng'ambo ya ukuta. Kilio kilipungua. Akalala.

Asubuhi Tadei alimleta Glory akiwa na shati limelowa maji, nywele zimesimama.

"Alilia saa nzima na nusu," alisema, kama mtu anayetoa taarifa ya ajali.

"Halafu?"

"Halafu akalala hapa." Aligusa bega lake. "Nikaogopa kumlaza chini. Nimekaa hivyo mpaka kumekucha."

Kornelia hakumpongeza. Alimpokea mtoto.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Efrazia alisema mgongo unamuuma, hawezi tena kubaki na mtoto, na kwa siku nane Kornelia aliingia darasani na Glory mgongoni mbele ya watoto mia na kumi na wawili. Mwalimu Herman alifika mlangoni na karatasi nyingine ya onyo mkononi, akatazama, akasikia mtoto anaimba moja mbili tatu na wenzake, akaondoka nayo. Siku ya tisa Efrazia alikuja mwenyewe kumchukua mjukuu.

Tadei aliendelea. Alinung'unika kila usiku, lakini alibeba. Mara tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, ya alfajiri tu, na mwezi ulipokwisha Glory alilala mpaka jogoo. Mchana aliendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Uongo wa Gitting Kornelia hakuusahau. Alimwambia Tadei wazi kwamba usingizi umerudi lakini kumwamini kutachukua muda, na Tadei alikubali.

Jumapili moja baada ya ibada wanawake walimzunguka Efrazia, wakamuuliza mjukuu aliachaje kusumbua usiku.

"Tulimpeleka Gitting," Efrazia alisema. "Siku mbili tu, akanyooka."

Kornelia alikuwa nyuma yake, Glory kiunoni.

"Mama, samahani," alisema, na wanawake wakageuka. "Gitting alilia mpaka sauti ikakauka, na nilikwenda kumrudisha. Aliyemtuliza usiku ni baba yake. Yule pale. Muulizeni."

Wanawake wote walimgeukia Tadei, aliyekuwa amesimama na wanaume wenzake karibu na baiskeli. Alishusha kofia usoni. Mama mmoja akapaza sauti kumwita aje awaeleze, na baada ya kusitasita kidogo, akaja.