Bisibisi Apewa Kifungo cha Nje

Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, maana hapakuwa na kufuli lililomshinda. Dada yake, fundi cherehani, ndiye pekee aliyebaki akimwita "mdogo wangu", na hata yeye siku hizi alitamka hivyo shingo upande.

Asubuhi ya hukumu dada mtu alikaa benchi la nyuma mahakamani. Safari hii Bisibisi alinaswa ndani ya duka la muuza nyama, mzani kwapani, mlango umeng'olewa.

"Tumekufunga mara tatu," hakimu, mama wa makamo, alimwambia. "Huko jela ulijifunza nini?"

"Mara ya kwanza kufungua makufuli, mheshimiwa. Ya pili, milango ya chuma."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. "Na ya tatu?"

"Kwamba nikitoka, hakuna anayenisubiri."

Maneno hayo yalimchoma dada mtu kama sindano. Ni kweli hakwenda kumpokea. Angeendaje, na aliyeiba cherehani yake ya kwanza akaiuza ni huyohuyo?

Hakimu akamgeukia muuza nyama. "Wewe uliyeibiwa unasemaje?"

"Mkimfunga atarudi na ufundi mpya, mheshimiwa, na mtu wa kwanza kuonjeshwa ni mimi. Aliyevunja mlango wangu autengeneze. Hayo mengine mnajua nyie."

Hakimu aliandika kwa muda, kisha akasoma: kifungo cha nje, mwaka mzima. Atatengeneza mlango, atafagia soko, ataripoti kwa afisa wa uangalizi kila wiki. Akiteleza tu, jela, tena miaka mingi.

"Lakini lazima awe na pa kulala. Nani atampokea?"

Bisibisi aliinamisha kichwa, hakuthubutu kugeuka nyuma. Dada mtu alijikuta amesimama kabla hajajishauri.

"Kwangu, mheshimiwa."

"Una hakika, mama?"

"Hakika sina. Ila alale kwangu."

Nje, Bisibisi alishindwa kumtazama usoni. "Dada, ahsante."

"Ahsante kaa nayo. Cherehani yangu mpya inahamia chumbani kwangu, na nitalala mguu juu yake."

Bisibisi akacheka, na kicheko kikageuka kilio palepale kwenye ngazi, mwanamume mzima na ndevu zake. Dada mtu alimwacha alie mpaka amalize. Yeye mwenyewe alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea kama aliyetuliwa gunia. Hakujua kesho italeta nini, ila leo hakuwa na mtu jela.

"Haya, tangulia," alisema. "Nikuone vizuri."