Milimita Tatu

Saa moja na robo asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijagongwa, kiranja wa ramani alifungua kabati la darasa, akatoa ramani ya dunia, akapanda juu ya kiti na kuitundika kwenye msumari wake. Ilikuwa ramani ya kitambaa kigumu, ndefu kuliko kitanda, yenye fimbo ya mbao juu na nyingine chini. Kazi hiyo alipewa kwa sababu ana mikono safi, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Asubuhi ile fimbo ya chini ilikuwa imelowa. Alijifuta vidole kwenye sketi, akalamba kimoja, akakuta kina chumvi.

Mwalimu wa Jiografia aliitwa Ikweta na wanafunzi wote, kwa kuwa mkanda wake ulipita katikati kabisa ya tumbo na kuligawa sehemu mbili sawa. Alipoambiwa, aliigusa ramani, akanusa vidole vyake, akasema bahari inavuja, mtu alete tambara. Kisha akaandika ubaoni: Masuala ya Dunia. Sababu zilikuwa tano, athari sita na utatuzi saba, maana watunga mitaala hupenda utatuzi uwe mwingi kuliko tatizo lenyewe. Darasa likanakili huku tone moja likidondoka sakafuni kila baada ya muda.

Kufikia Ijumaa visiwa vidogo vya mbali vilikuwa vimekwisha. Rangi ya buluu ilikuwa imepita juu yake na kukaa, laini, kana kwamba hapajawahi kuchorwa kitu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama bado wavikariri. Ikweta akasema wavifute, havitatoka kwenye mtihani. Vifutio arobaini na viwili vikafanya kazi kwa pamoja, halafu kila mtu akapuliza daftari lake.

Kiranja wa ramani hakupuliza lake. Alikuwa akitazama kitone kimoja cheusi pembeni mwa nchi yao, karibu kabisa na maji. Hapo ndipo alipokuwa dada yake mkubwa, akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Mashamba yenyewe yako ufukweni, lakini mchora ramani aliusogeza mji wa dada ndani kidogo ili jina lipate pa kukaa. Kiranja aliweka rula. Milimita tatu. Skeli ya ramani ilisema sentimita moja ni kilomita mia mbili, lakini yeye hakutaka kujua kilomita. 

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu na kila Ijumaa alichana karatasi ya daftari, akaipaka mafuta ya kupikia mpaka ikaonyesha, akaibandika juu ya ramani na kuufuata ukingo wa bahari kwa penseli. Ndivyo wote walivyofundishwa kunakili ramani tangu shule ya msingi. Nyumbani alizipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha. Mistari ilikuwa ikitembea kuelekea ndani. Hakuna hata mmoja uliokuwa ukirudi nyuma.

Mama yake, fundi cherehani, aliona chupa ya mafuta inavyopungua.

"Mwanangu, hiyo ramani unaichora au unaikaanga?"

Kiranja akamweleza. Mama alisimamisha cherehani, akazitazama zile karatasi dirishani, akasema wamsubiri dada apige simu mwenyewe, maana habari za mtu huulizwa kwa mtu.

Dada alikuwa akipiga kila Jumapili saa kumi jioni. Simu ililazwa juu ya meza ya cherehani ili wote wasikie. Dada akasema yuko salama, ila chumbani maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Vitanda wameviinua kwa matofali. Msimamizi si mtu mbaya, amewagawia buti. Mama akamuuliza kwa nini asirudi nyumbani, na dada akajibu lile lile la siku zote: vyeti vyao vya shule vimefungiwa kabatini kwa msimamizi mpaka msimu uishe. Wasichana wawili waliotoroka bila vyeti walikuwa wamekaa kwao mwaka wa pili sasa, hakuna anayewapokea kazini.

"Dada," kiranja akasema, "umebakiwa na milimita mbili."

"Za wapi?"

"Za kwenye ramani ya shule."

Dada aliijua. Alikuwa amesoma shule hiyo hiyo na kuitundika ramani hiyo hiyo kwa miaka miwili.

"Ile yenye doa la wino kule juu?"

"Ile ile."

"Basi kesho nitamwomba tena," dada akasema, na sauti yake haikuwa na utani wowote.

Kesho yake aliomba, akaambiwa utaratibu ni utaratibu. Hayo walikuja kuyajua baadaye. Wakati huo kiranja alikuwa ameshaazima pasi ya mama yake, ameibeba shuleni pamoja na mkaa wake kwenye kopo, na wakati wa mapumziko akaitandika ramani juu ya dawati na kuupiga pasi ukingo wa bahari. Mvuke ukapanda wenye harufu ya mwani. Buluu ikarudi nyuma nusu milimita. Alipiga tena na tena mpaka mkono ukamuuma, kisha kengele ikagongwa, akaitundika. Kabla kipindi cha Hisabati hakijaisha, bahari ilikuwa imesonga mbele milimita nzima.

Wiki hiyo akaja mkaguzi. Alivua miwani, akalitazama dimbwi chini ya ramani, akaandika mapendekezo: msumari upandishwe mita moja ili maji yasifikie madawati. Mwalimu mkuu alishukuru kwa ushauri. Msumari ukapandishwa siku hiyo hiyo na ndoo ikawekwa chini. Maji sasa yalidondoka kutoka juu zaidi, kwa kelele zaidi, na kiranja akawa hawezi kunakili mpaka apande juu ya dawati.

Akiwa huko juu ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa ameketi. Vialama vya viwanda, vile vidogo vyenye bomba la moshi, vilisongamana sehemu ya juu ya ramani, na pale palikuwa pakavu. Alipapapasa kwa kiganja kuhakikisha. Palikuwa pakavu na pana joto kidogo, kama ukuta wa jiko. Akanyoosha mkono kuuliza, ingawa mkono wenyewe ulishakuwa juu.

"Mwalimu, sababu namba moja hadi nne ziko huku. Athari zote sita ziko kwetu. Ilikuwaje?"

Ikweta alishika mkanda wake. Aliitazama ramani kwa muda mrefu, juu, kisha chini, kisha ndoo.

"Swali zuri," akasema. "Tutalirudia."

Hawakulirudia. Lakini kuanzia siku iliyofuata Ikweta alianza kuja shuleni amevaa buti za mvua, jua likiwa linawaka.

Jumapili dada akasema maji yako magotini. Jumapili iliyofuata akasema kiunoni, na kwamba buti zimebadilishwa, wamepewa ndefu zaidi. Chumvi haikauki tena, ila bado wanaikusanya kwa reki chini ya maji, maana amri ya kuacha haijatoka. Kiranja alikuwa ameweka rula mapajani. Akamwambia imebaki milimita moja. Akamsihi aache vyeti, aje hivyo hivyo, atashona na mama. Dada akasema aache vyeti vya miaka kumi na moja ya shule, halafu aje kuwa nani?  Mama alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani bila uzi kwenye sindano.

Ijumaa, kipindi cha tatu, kiranja alikuwa juu ya dawati na karatasi yake ya mafuta. Chini yake darasa lilikuwa likikariri utatuzi kwa sauti moja. Walipofika namba nne, kuelimisha jamii, buluu iligusa kile kitone na kupanda ndani yake kama chai inavyopanda kwenye biskuti. Halafu likaanza kuondoka jina, herufi moja baada ya nyingine. Kiranja aligonga dawati kwa kisigino. Darasa likaacha kukariri.

"Mwalimu, dada yangu yuko pale."

Ikweta akasema pole. Akamshika mkono, akamteremsha taratibu, akamkalisha. Kisha akamwambia darasa wafute mji huo, wafute kwa uangalifu wasichane karatasi.

Jumapili saa kumi jioni simu iliita. Mama na mwanawe waliitazama ikiita mara tatu kabla ya kupokea. Alikuwa dada. Aliongea polepole, kama mtu anayesukutua. Akasema kuna giza kidogo, lakini mtu huzoea. Mama akauliza kama anakula, akajibu anakula. Kiranja akauliza anakuja lini.

"Msimu umeisha," dada akasema. "Leo asubuhi msimamizi amefungua kabati."

Mama alishika ukingo wa meza. 

"Vyeti vimelowa, mdogo wangu. Amesema tusubiri vikauke."

Simu ikakatika, kama ilivyokuwa ikikatika siku zote muda wa maongezi ukiisha. Mama akasema haya, bora uzima, akavuta sketi ya mteja iliyokuwa ikisubiri pindo. Kiranja akachana karatasi nyingine kwa ajili ya kesho. Safari hii mama ndiye aliyemsogezea chupa ya mafuta, akamuuliza, bila kuinua macho, kutoka majini hadi mlango wao ni kiasi gani sasa.

"Sentimita tatu, mama."

Mama alivua futi ya kitambaa shingoni, akatafuta sentimita tatu kwa kidole gumba, akaziangalia kwa muda. Zilikuwa sawasawa na upana wa pindo. Akalikunja, akabana pini, akaanza kushona.