Aleida na Kanuni ya Tisa

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya pili ya Februari, maji yalipanda ndani ya tundu ambalo Gonda Schoute alikuwa amelitoboa kwenye barafu ya ghuba ya Gouwzee. Alishusha rula yake ya chuma yenye ndoano, akainasa chini ya barafu, akasoma: sentimita kumi na nne. Aleida, mashua ya marehemu baba yake, ilihitaji kumi na mbili. Gonda alinyoosha mkono juu kuwaashiria waliokuwa wakisubiri bandarini Monnickendam, na kelele zao zikamfikia kabla hajamaliza kukunja rula.

Kelele hizo zilikuwa na sababu. Kwa majira kumi na moja ya baridi maji yale yalikuwa yamekataa kuganda kiasi cha kubeba mashua. Chama cha mashua za barafu kilikuwa na bendera, mweka hazina na kanuni tisa. Kilichokosekana ni barafu. Gonda, mpima ardhi mstaafu na katibu wa chama, aliutumia muda huo kuandika historia ya mashua hizo. Aliandika kwamba kabla bara halijaunganishwa na kisiwa cha Marken kwa tuta, mashua za wavuvi ndizo zilizovusha mikate, barua, wakunga na majeneza wakati wa baridi. Zilikuwa mashua za kawaida, pana, zenye kitako bapa, zilizopandishwa juu ya boriti yenye vyuma viwili vya kutelezea, na chuma cha tatu nyuma cha kuongozea. Barafu ikishika, zilikimbia. Ikivunjika, zilielea, na watu wakazitikisa mpaka zikapanda tena. Baadaye matajiri wa mjini walizipenda, wakaanzisha mashindano. Wavuvi walizawadiwa mikunga, samaki waliokaushwa kwa moshi; matajiri walizawadiwa vikombe. Kila sentensi aliiwekea ushahidi wake.

Aliandika pia Kanuni ya Tisa. Kwa kanuni hiyo, mianya ya mbao za mashua iwe imezibwa kwa kalafati ya katani na lami, kama ilivyokuwa zamani. Mashua yenye gundi ya mpira haikuruhusiwa kushindana.

Mashua yenye gundi ya mpira ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya shemeji yake, Evert Mooijer.

"Shemeji," Evert alisema Gonda aliporudi bandarini, "umeamka na barafu, umeamka na huruma?"

"Nimeamka na kanuni."

"Hata leo? Miaka kumi na moja mtu anangoja, halafu anaambiwa asimame pembeni auze supu?"

"Supu ya njegere unaipika vizuri. Watu wanaisifia."

Evert alicheka, akainamia sufuria yake. Mkewe, Margje, dada mdogo wa Gonda, hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya kreti iliyofunikwa blanketi, mikono kifuani.

"Dada, makubaliano unayakumbuka."

"Nimeyaandika mimi."

Makubaliano yalikuwa mafupi. Baba yao aliwaachia Aleida wote wawili, na tangu hapo mashua ilikuwa imekaa ndani ya banda la Margje, mahali ambapo Margje alitaka kuweka vitu vingine, chochote kingine. Jumba la makumbusho lilikuwa tayari kuichukua, kwa sharti kwamba iwe kavu kabisa. Gonda hakutaka. Mwishowe walipatana: Aleida ikimaliza shindano moja kabla ya Machi mosi, itabaki kwa Gonda, naye ataitafutia mahali. Isipomaliza, itakwenda makumbusho.

"Bwana Terpstra wa makumbusho nimeshamwambia," Margje alisema. "Anasema ameweka nafasi."

"Mwambie aweke kitu kingine."

"Aweke nini? Na mimi banda langu nimeshaahidi kuku."

Njia ya shindano ilikuwa kutoka bandarini hadi kwenye nguzo karibu na Marken, na kurudi. Mashua saba zilijipanga. Upepo ulitoka kaskazini mashariki, mkavu, wa kutosha kunyoosha bendera. Gonda alikaa peke yake nyuma, mkono kwenye usukani, na bendera ilipoteremshwa Aleida ilisimama tuli sekunde chache, kama mtu mzima aliyeitwa kucheza dansi. Kisha vyuma vilianza kulia, tanga likajaa, na mashua iliyopita mara ya mwisho juu ya barafu hiyo ikiwa na baba yake ikaondoka ikiwa na yeye.

Alikuwa mbele kabla ya nusu ya safari. Alikadiria mwendo: gari la kawaida kwenye barabara kuu. Machozi yalimtoka kwa baridi, na aliyafuta kwa sababu yalizuia kuona.

Alichokiona karibu na nguzo kilikuwa ndege. Mabatamaji na bata wadogo weusi, mamia, walikuwa wamekusanyika mahali pamoja, wakipigapiga maji usiku na mchana kwa mabawa na miguu ili pasigande. Kila mtu wa Gouwzee anajua maana yake: hapo barafu ni nyembamba, au hakuna kabisa. Gonda alikuwa amepima barafu mahali kumi na mawili. Hapo hakupima, kwa sababu alipopita alfajiri kulikuwa na ukungu na ndege walikuwa kimya.

Alisukuma usukani. Mashua nzito yenye tanga lililojaa haipindi kwa kuambiwa. Ndege waliruka wote kwa pamoja, barafu ikalia mara moja, na Aleida ikaingia majini taratibu, pua kwanza, kisha ikakaa sawasawa, ikaelea.

Kwa muda wa pumzi chache, historia aliyoiandika ilikuwa sahihi.

Kisha alihisi baridi kwenye vifundo vya miguu. Alitazama chini. Maji yaliingia katikati ya kila ubao na ubao mwenzake, kutoka pua hadi nyuma, bila haraka na bila kubagua. Gonda alielewa mara moja, kwa kuwa maelezo yenyewe yalikuwa katika ukurasa wa arobaini wa historia yake. Kila Oktoba, baba yake alikuwa akiizamisha Aleida bandarini kwa wiki mbili, ili mbao zinywe maji, zivimbe, zibane kalafati. Mbao zilizokaa bandani miaka kumi na moja hukauka na kusinyaa. Hakuwa ameizamisha kwa sababu hapakuwa na barafu, na kwa sababu makumbusho walitaka mashua kavu, naye hakutaka Margje aseme kwamba anavunja makubaliano.

Gouwzee haina kina kirefu. Aleida ilishuka mpaka ikakaa juu ya matope, tanga likiwa bado juu, limejaa upepo. Gonda alipanda juu ya kiti. Maji yakamfika magotini. Mashua tano zilizokuwa nyuma yake ziliona, zikageuka.

Iliyokuja ni ya nane, ambayo haikuwa kwenye shindano. Evert alikuwa ameacha supu motoni, aproni bado shingoni. Hakugeuka. Aliiendesha mashua yake moja kwa moja mpaka ukingo wa barafu, ikaanguka majini kwa kishindo, ikaelea kama bata.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Naomba ruhusa ya kamati kuingia kwenye njia ya mashindano!"

Meno ya Gonda yalikuwa yakigongana. "Hujaandikishwa."

"Basi nirudi?"

"Evert."

"Naam, shemeji."

"Nipe mkono."

Alimvuta ndani, akamfunika koti lake. Ndani ya mashua ya Evert mbao zilikuwa kavu. Gonda alipitisha kidole juu ya utepe mweusi wa gundi ya mpira, mwembamba, uliopakwa bila ustadi.

"Umepaka vibaya," alisema.

"Najua. Kunywa hii." Alimpa chupa bapa ya jeneva, pombe kali. "Sasa kaa upande huu, tuitikise."

Waliitikisa, upande huu na upande ule, mpaka pua ikapanda juu ya barafu, namna wavuvi walivyofanya. Zawadi ya mikunga ilikwenda kwa mashua ya Marken iliyochelewa kuondoka, ikaona yote yaliyotokea mbele yake, ikazunguka mbali.

Jioni Margje alimletea dada yake soksi na maji ya moto. Alimkanda miguu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Haikumaliza," Margje alisema.

"Haikumaliza."

"Nimpigie Terpstra?"

"Makubaliano ni makubaliano. Mpigie."

Barafu ililegea siku chache baadaye, ikawa haibebi mtu wala haipitishi chombo. Aleida ilibaki chini. Ilikuwa tarehe tatu Machi, maji yakiwa wazi, ndipo Evert alipokwenda na pampu, akaiondolea vyuma na boriti, akayatoa maji na kuivuta mpaka bandarini. Bwana Terpstra, mtu mrefu mwenye glavu nyeupe mfukoni, alikuwa amefika na lori.

Alishuka ndani. Alikanyaga, akainama, akapitisha karatasi laini katika mwanya mmoja baada ya mwingine. Karatasi ilitoka kavu.

"Haivuji popote," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba.

"Ndivyo ulivyotaka," Margje alisema. "Kavu."

"Nilitaka mbao kavu, mama. Hizi zimekunywa maji wiki tatu. Nikiiweka kwenye ukumbi wetu wenye joto, itapasuka. Kuna chumba cha kuikausha polepole, miaka miwili, lakini kimejaa. Januari ningeichukua siku hiyohiyo."

"Basi irudi bandani kwangu mpaka chumba kipatikane?"

"Bandani itapasuka vilevile."

"Sasa ikae wapi?"

Bwana Terpstra alitazama bandari, akamtazama Margje.

"Majini," alisema. "Ni mashua."

Aliondoka na lori tupu. Margje alibaki ukingoni akimtazama dada yake.

"Usicheke," Margje alisema.

"Sijacheka."

"Unacheka kwa ndani. Nakujua tangu utotoni." Akaenda zake kuwatazama kuku.

Evert alirusha kamba. "Shemeji, na ile Kanuni ya Tisa?"

"Bado ipo."

"Ipo?"

"Nimeongeza ya Kumi. Kila mashua izamishwe wiki mbili, Oktoba."

"Na yangu?"

"Yako haihitaji. Ya Kumi inairuhusu ilivyo."

Saa kumi na nusu alasiri Gonda aliifunga Aleida kwenye nguzo ya tatu, ubavuni mwa mashua ya Evert, akashuka ndani kutazama. Hapakuwa na maji.