Kiini cha Galaksi ya Theuri

Jumamosi asubuhi Wachuka alikuwa akifagia chini ya galaksi, pale katikati ya sebule ambapo watu wengine huweka meza. Ilikuwa na upana wa ungo, ikizunguka polepole usawa wa kiuno. Huko Giakanja, mwaka huo wa 1994, nyumba nyingi zilikuwa nayo, na wasiokuwa nayo walisema wanaletewa na mtoto wao wa Nairobi.

Tatizo la hii lilikuwa kiini chake. Kwa kawaida kilitulia kama kaa lililofunikwa na majivu, kisha siku moja kikalipuka hata mapazia yakaungua. Theuri, mumewe Wachuka, alikuwa naibu mwalimu mkuu na hakukosa maelezo: kiini kilichokozwa na galaksi ya Ngendo, jirani wa ng'ambo ya ua. Ni kweli kililipuka kila Ngendo alipokuja kumwita Wachuka waende darasa la ushonaji mjini Nyeri. Ni kweli pia kwamba kila Ngendo alipobisha, Theuri alichukua viatu vya mkewe akavitumbukiza kwenye kiini. Mke wa naibu mwalimu mkuu haonekani mjini miguu mitupu. Wachuka alilijua hilo, na Theuri alilijua zaidi.

Akaitwa Simeon, mzee wa kanisa, aamue.

"Ni viatu," Wachuka akamwambia. "Akitupa viatu yangu ndani, inawaka."

"Ngoja kwanza, mama. Tuanze na jirani."

Wakaanza na jirani. Galaksi ya Ngendo ilifungwa kwa blanketi, ikapakiwa kwenye pikapu pamoja na Ngendo mwenyewe, ikapelekwa Endarasha kwa kaka yake. Wachuka alilia waziwazi, maana hakuwa na mwingine wa kumwita.

Kiini kikatulia. Theuri akatoa shukrani kanisani, na Jumatatu Simeon akaja kujionea. Wachuka akatoka chumbani amevaa gambuti za shambani, viatu vyake vya mwisho, akasema anaenda darasani peke yake. Theuri akapiga goti, akamvua moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayemwandaa mtoto kulala. Akazitumbukiza. Kiini kikawaka mpaka kivuli cha birika kikasimama ukutani.

Simeon alingoja macho yake yatulie.

"Kumbe si jirani," akasema. "Ni ile kitu mtu anaweka ndani."

"Inaonekana hivyo, mzee," Theuri akakubali bila ubishi, kwa kuwa alikuwa mtu wa sayansi.

Kuhusu kumrudisha Ngendo, hakuna aliyesema neno. Waliomba, wakanywa chai ya pili, wakakubaliana mapazia yakatwe yawe mafupi. Simeon alipoaga, Wachuka akasimama kumsindikiza hadi getini kama ilivyo desturi. Alikuwa amejaa hasira, na akishafika getini hakukusudia kurudi.

Simeon akamtazama miguu.

"Kaa tu, mama," akamwambia kwa upole. "Huko nje ni baridi, na hauna viatu."