Majembe ya Wageni

Eulalia alikuwa kwenye tuta la nne la saladi, kiuno kimekunjika, jembe la mpini wa shubiri moja mkononi. Anakata miche miwili, anaacha mmoja. Miaka ishirini na miwili katika bonde la Salinas, na mgongo sasa ulikuwa umefika mwisho. Asubuhi hiyo mumewe ndiye aliyemfunga kamba za viatu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku majembe mafupi tangu mwaka uliopita. Marefu yalinunuliwa, yakakaa kwenye lori kama sahani za wageni. Mnyapara wao, Don Nacho, aliyapenda mafupi: wote wakiwa wameinama, anayenyanyuka kupumzika anaonekana toka mbali.

Filimbi ikalia.

"Mkaguzi huyo! Mafupi yote chini ya mabomba ya maji, upesi! Na atakayeropoka, kesho asipande lori langu."

Wakagawiwa marefu. Mkaguzi akapita taratibu kati ya matuta, viatu vyake safi vikichafuka. Eulalia alilishika lile jembe jipya, lakini mkono ukateremka wenyewe hadi karibu na bapa, akainama vilevile kama siku zote, mpini umempita begani unaelekea mawinguni.

"Mama, mbona unashika huko chini?"

Don Nacho akacheka. "Ndivyo walivyoumbwa, bwana. Wafupi hawa, ardhi ni jirani yao."

"Jirani yako wewe na mamako," shoga yake Chole akanong'ona kwenye tuta la kando.

"Nimemuuliza mama," alisema mkaguzi.

Eulalia alitaka kusimama amjibu kama mtu anavyomjibu mtu. Mgongo ukakataa. Akaupanda mpini mkono kwa mkono, kama anayepanda mnazi, jasho likimtoka, mpaka akauona uso wa yule bwana. Akaliwaza lori la kesho. Halafu akawaza kuinama hivi mwaka mwingine, akaona hataweza.

"Yako pale chini ya mabomba," alisema. "Thelathini na moja."

Mkaguzi akayatoa, akayahesabu, akayafunga kamba, akayapakia garini. Don Nacho akatia sahihi karatasi.

"Asante, mama. Sasa mtafanya kazi mmesimama."

Vumbi la gari lake halijatua, Don Nacho akayakusanya na yale marefu, akayafungia kwenye lori.

"Sasa tutumie nini?" Chole akauliza.

"Mna vidole. Sheria imekataza jembe fupi, vidole haikuvitaja."

Eulalia akamgeukia. "Na mimi, Don Nacho? Kesho?"

"Wewe panda lori tu, bibi. Nataka wenzako wakuone kila siku."

Mmoja mmoja watu wakapiga magoti kwenye tope, wakaanza kung'oa kwa kucha. Hakuna aliyemtazama.

"Ungenyamaza tu, shoga," Chole alisema, naye tayari yuko chini.

Eulalia alijaribu kupiga magoti, akakwama katikati, mikono imening'inia hewani.

"Nishike, nishuke," akasema.

Chole akakawia kidogo, kisha akampa bega.